Majivu na Ndimu Juu ya Fuwele ya Shaba

Wiki iliyopita nilirudisha funguo tatu: wa mlango wa maabara, wa kabati la asidi, na wa tatu ambao kwa miaka yote sikuwahi kujua unafungua nini. Mkuu wa idara alizipokea zote akatia saini. Kwa hiyo ule wa tatu sasa ni shida yake.

Ninyi mnaobaki mliniomba niandike kidogo juu ya kazi, mkanipa na daftari jipya kabisa, jambo ambalo sikulipata nilipokuwa kazini. Habari za vyeo na mishahara naziruka. Ni fupi, tena mnazijua, maana nanyi mnazingojea hadi leo. Nitaandika juu ya Papa Mwansa, juu ya Marmite, na juu ya kosa langu kubwa, ambalo nasikia mnasimuliana vibaya. Wapo wanaosema nilipika ndani ya mashine. Sikupika. Nilisugua.

Nilifika maabara ya fizikia ya chuo, kule Panda, mtaa wa mji wetu wa shaba wa Likasi, nikiwa msichana mwenye cheti cha kemia na viatu vya kuazima. Fundi mkuu alikuwa Papa Mwansa. Kabla ya kuja chuoni alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika ukumbi wa elektrolisisi, pale ambapo mabamba ya shaba huning'inizwa ndani ya mabafu ya asidi ili shaba chafu iyeyuke upande mmoja na shaba safi ijishike upande wa pili. Asidi ilikuwa imemtobolea suruali zote, lakini mikono yake haikuwa na alama hata moja. Alikuwa anajivunia mikono ile kama wengine wanavyojivunia watoto waliosoma.

Siku ya kwanza aliniambia nikanawe. Nikanawa. Akanusa vidole vyangu, akasema rudi tena. Mara ya tatu ndipo akaridhika, na hapo akanipa kazi yangu: kwa wiki nzima nisiguse kitu chochote, niangalie tu. Nilizunguka maabara mikono mgongoni, wanafunzi wakadhani mimi ni mkaguzi kutoka Lubumbashi, wakawa wananisalimu kwa heshima kubwa. Ijumaa Papa Mwansa aliniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona kwamba yeye hashiki kitu kabla ya kukitazama. Akanipa koti jeupe.

Kulikuwa na daftari moja la jalada la bluu lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Hilo lilikuwa daftari la makosa. Aliyevunja, aliyemwaga, aliyeunguza, aliandika mwenyewe jina lake, kitu gani na kwa nini, na kilichoandikwa hakikufutwa. Mkuu wa idara yumo, kwa kioo cha darubini. Papa Mwansa mwenyewe yumo mara nne, moja ikiwa ya kikombe chake cha kahawa. Mimi mwaka wa kwanza nilijaza karibu ukurasa mzima. Kalamu ya kwanza ya chuo niliyoimaliza niliimalizia humo.

Miaka ikapita hivyo, ya kuosha vioo, kupima asidi na kuwasha upya transfoma baada ya kila umeme kukatika. Kisha akarudi Ilunga. Alikuwa mwanafunzi wetu, kijana mwembamba mwenye maswali mengi, akaenda kusoma ng'ambo, akarudi na nusu ya tasnifu ya udaktari na masanduku kumi na moja ya mbao. Ndani ya masanduku mlikuwa na mashine ambayo maabara ya kule iliitupa kwa sababu imezeeka. Kwetu ilikuwa mpya kuliko kila kitu, pamoja na paa. Ilikuwa tangi la chuma lenye tumbo kubwa na vidirisha vya kioo pande zote. Papa Mwansa akaliita Marmite, yaani sufuria, na jina likashika.

Kazi ya Marmite ni kutokuwa na kitu ndani. Mnacheka, lakini ombwe la kweli ni kazi ngumu kuliko zote nilizofanya. Pampu huvuta hewa siku nyingi, kisha unalizungushia tangi zima nyaya za moto na karatasi za alumini, unalichoma siku mbili mfululizo ili unyevu ulioganda kwenye kuta utoke. Watu walipita dirishani wakauliza tunachoma nini na kitaiva lini. Na kila mlango wa Marmite hufungwa kwa pete ya shaba ambayo hutumika mara moja tu, ukifungua unaitupa. Basi wenzangu, tukakaa Likasi tukikosa pete za shaba. Ilunga aliandika barua ng'ambo kuziomba. Papa Mwansa alisoma barua ile, akaikunja, akaenda kwa mtengeneza vyuma wa mtaa wa Kikula na kipande cha bamba, akarudi na pete ishirini. Kumi na tisa zilikuwa nzuri. Ile moja imo daftarini.

Sasa niwaeleze tulikuwa tunatafuta nini, maana kuna wanaoshughulikia mashine hii leo bila kujua. Ilunga alikuwa na fuwele moja ya shaba, kubwa kama kifungo cha koti. Shaba ya kawaida, hata iwe safi namna gani, ni mkusanyiko wa chembe nyingi, kila chembe imeelekea kwake. Ile ilikuwa chembe moja nzima, imekatwa na kung'arishwa hadi uso wake ukawa uwanja wa atomu zilizopangwa sawasawa, kila moja imezungukwa na sita. Ilitoka ng'ambo ndani ya kasha lenye sponji, na hati tatu. Kwa miaka yote malori yetu yanabeba shaba kwenda, nikafikiri, na leo kimerudi kifungo kimoja.

Juu ya uwanja ule Ilunga alitaka kuweka atomu za potasiamu, kidogo kidogo, aone zinajipangaje. Potasiamu ni ndugu wa sodiamu na seziamu, ukoo wa metali za alkali, na ukoo huo una tabia moja: kila atomu ina elektroni moja ya nje ambayo haiishiki vizuri. Ikitua juu ya shaba, huiachia shaba sehemu kubwa ya elektroni ile. Inabaki na chaji chanya, na jirani yake vilevile, na chaji za namna moja husukumana. Kwa hiyo atomu za kwanza hukaa mbalimbali kadiri zinavyoweza, kama watu wa misa ya asubuhi ambao kila mmoja huchukua benchi lake. Zikizidi, nafasi inapungua, nazo zinalazimika kujipanga. Zikifika moja kwa kila atomu nne za shaba, zinakuwa na mpangilio kamili wa pembe sita, sawa na ule wa shaba chini yake ila umepanuka mara mbili. Ukiongeza tena, zinabanana, zinaanza kushirikiana elektroni zenyewe kwa zenyewe, zinakuwa metali ya kawaida. Ilunga alieleza haya mara nyingi sana, mchana, wakati wa chai na wakati mimi natafuta kofia yangu niende zangu.

Na tasnifu yake yote ilitegemea kipimo hicho kimoja. Profesa wake wa ng'ambo alikuwa amempa muda hadi mwisho wa masika. Fuwele ilikuwa moja.

Hapa ndipo ninapoingia mimi.

Chuo kilitangaza kwamba wageni wa heshima watakuja kuiona fuwele kabla haijaingia Marmite. Asubuhi ile nilifika mapema, nikaikuta kwenye kisahani chake cha kioo, nikashtuka. Ilikuwa imefifia. Shaba ikikaa hewani hupoteza uso wake, na masika yetu hayana huruma. Sasa, baba yangu marehemu alikuwa mfua shaba. Alifua masahani yenye picha za swala na za wanawake wanaotwanga, akayauza kwa wasafiri, na tangu nina miaka saba kazi yangu nyumbani ilikuwa kuyang'arisha: nusu ndimu, majivu laini, kitambaa, na mkono unazunguka, unazunguka. Kwetu kumwonyesha mgeni shaba iliyofifia ni sawa na kumkaribisha kitanda kikiwa hakijatandikwa. Ndimu nilikuwa nayo kwa ajili ya chai. Majivu nilichota kwenye mbabula ya mlinzi, jiko lake la makala, yaani makaa, nikayachuja kwa leso mara mbili, maana kazi ya chuo si kazi ya sokoni.

Ikawaka. Nawaambia ukweli, sijawahi kusugua shaba ikawaka vile. Wageni waliisifu. Ilunga, aliyekuwa na jasho na hotuba mfukoni, alidhani ni Papa Mwansa aliyeisafisha kwa dawa zake. Papa Mwansa alidhani ni Ilunga kwa utaalamu wa ng'ambo. Kila mmoja alimwonea mwenzake fahari, hakuna aliyeuliza, na mimi nilinyamaza kwa unyenyekevu. Mchana ule ule Papa Mwansa aliishika kwa pensi, ile koleo ndogo ya ncha nyembamba, akaifunga mahali pake ndani ya Marmite.

Tukafunga, tukavuta hewa, tukachoma siku mbili. Umeme ukakatika, tukaanza upya. Ilunga akaisafisha fuwele kwa kuipiga ayoni za gesi ya agoni na kuipasha moto, kama inavyotakiwa, kisha akaelekeza mwali wa elektroni. Elektroni zikigonga uwanja uliopangwa vizuri, hurudi kwenye kioo cha kijani zikiwa nukta kali zinazoonyesha mpangilio. Sisi tuliona ukungu wa kijani. Akasafisha tena. Ukungu. Kwa majuma matatu alibadilisha nyaya, akapima sumaku, akaacha kula. Mwishoni tukaifungua Marmite, tukaiweka fuwele chini ya darubini.

Ilunga alitazama, akampisha Papa Mwansa. Uso wa fuwele ulikuwa umejaa mikwaruzo myembamba, mamia kwa mamia. Papa Mwansa aliinama juu ya darubini kwa muda mrefu. Alipoinuka alisema kwamba ni yeye. Hakuna mwingine aliyeishika kwa pensi, mikono yake ilitetemeka wakati wa kuifunga, hakujisikia tu. Akaenda mezani, akavuta daftari la bluu, akaandika kwa herufi zake za mraba: Mwansa, fuwele, mikono imezeeka. Kisha akasema mwisho wa mwezi ataondoka.

Mimi nilitazama darubinini wa mwisho. Mikwaruzo ile ilikuwa ya mviringo, duara ndani ya duara. Niliijua kama ninavyojua mwandiko wangu. Nikasema naenda kuchota maji, nikaenda kusimama karibu na bomba ambalo lilikuwa halitoi maji tangu Jumatatu.

Nilinyamaza siku mbili. Sioni fahari kuandika hivyo. Nilijiambia kwamba labda ni yeye kweli, labda majivu hayakwaruzi, labda nikisema nitafukuzwa na tasnifu haitafufuka. Lakini niliona mambo. Niliona Papa Mwansa akimwomba Ilunga amkazie skrubu. Niliona akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Pensi yake, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, aliifunga kwenye kitambaa akaiweka mezani pangu. Mtu aliyekuwa na mikono bora kuliko yote Likasi alikuwa amejifunza kuiogopa kwa siku mbili, na sababu nilikuwa mimi. Nilimpenda yule mzee kuliko baba zangu wadogo wote, nikaona haya.

Siku ya tatu nilimkuta na Ilunga mezani. Nilibeba nusu ndimu na majivu ndani ya kopo la maziwa, maana nilijua nikianza kueleza nitalia, afadhali vitu vieleze.

“Papa,” nikasema, “haiko mikono yako. Ni minye.”

“Weye namna gani?”

“Nilisugua. Na ndimu na majivu. Siku ya bageni, nikaona imefifia. Sawa vile papa yangu alikuwa anasugua masahani.”

Ilunga alikaa chini taratibu, kama mtu anayetafuta kiti gizani. Papa Mwansa alifungua kopo, akachukua majivu kidogo kati ya vidole viwili, akayapekecha.

“Haya ni ya makala ao ya kuni?”

“Ya makala, Papa. Niliyachuja mara mbili.”

“Mara mbili,” akasema, akatikisa kichwa, na nikaona kwamba amejaribu kutocheka na ameshindwa. Ilunga hakucheka. Alikuwa anatazama kopo. Kisha akaniuliza kama najua majivu yana nini ndani. Nikasema ni majivu tu, Bosi. Akasema majivu ya miti yamejaa potasiamu, na ndimo watu wa zamani walimoitoa.

“Minye nataka kuitia potasiamu atomu moya moya,” akasema, “miaka ine natafuta namna. Weye umeitia na kitambala.”

Hapo tukacheka wote watatu, mimi huku nalia, na ndipo nilipoomba msamaha vizuri, kwanza kwa Papa Mwansa, kisha kwa Ilunga. Niliomba mstari wa Papa Mwansa ufutwe daftarini. Alikataa, daftari halifutwi. Akanipa kalamu niandike chini yake. Niliandika mistari saba, naye akaikosoa.

Lakini fuwele ilikuwa bado imekwaruzwa na masika yalikuwa yanaisha. Papa Mwansa aliiweka kiganjani, akaigeuzageuza, akasema kwamba kampuni ilimlipa nusu ya maisha yake kuhamisha shaba kutoka bamba moja kwenda jingine, na kuhamisha unene wa unywele hakuwezi kumshinda. Alichonga pete ya chuma ya kuishikia ili uso usiinamie upande wowote. Akaisaga juu ya kitambaa kilichotandazwa kwenye kioo, kwa unga mmoja baada ya mwingine, kila mmoja laini kuliko uliopita. Nilipouliza unga wa mwisho ni wa nini alisema si wa makala. Kisha akaitumbukiza ndani ya asidi ya fosforiki na kupitisha umeme kidogo, kinyume cha kazi yake ya zamani: safari hii fuwele ndiyo ilikuwa bamba linaloyeyuka, na vilele vya mikwaruzo viliyeyuka kwanza. Ilichukua siku tisa. Kwa siku tisa zote nilitazama mikono yake. Siku ya kwanza ilitetemeka kweli, kwa woga. Siku ya nne haikutetemeka, na yeye hakuwa na habari, alikuwa amezama kazini. Nilitamani kumwambia, nikaona nisimshtue.

Wakati wa kuifunga ndani ya Marmite ulipofika, nilimrudishia pensi yake. Akairudisha kwangu.

“Tia weye.”

Nilisema siwezi, mimi ndiye niliyeiharibu. Akasema ndiyo maana, sasa Likasi nzima hakuna mtu atakayeishika kwa woga kama wangu. Akaketi kwenye stuli, mikono mfukoni ili isinisaidie. Nikaifunga. Nilisahau kupumua, ikabidi anikumbushe.

Juma la mwisho la masika, saa nne asubuhi, umeme ukiwepo, Ilunga aliwasha mwali na kwenye kioo zikatokea nukta sita za shaba, kali kabisa. Akaipoza fuwele kwa nitrojeni ya majimaji iliyokuja kutoka Lubumbashi ikifuka moshi barabara nzima, akapitisha mkondo kwenye utepe mdogo wenye potasiamu, nasi tukangoja. Kuizunguka nukta ya katikati ikaja duara hafifu ya mwanga. Ilunga akanong'ona kwamba ni zenyewe, zimeshika umbali ulio sawa ila hazijaamua zielekee wapi. Duara ikapanuka pole pole, maana nyingine zilikuwa zinatua na nafasi inapungua. Kisha ikaanza kukatika. Mwanga ukakusanyika sehemu sita, ukakaza, zikawa nukta mpya, kila moja katikati ya njia kwenda kwenye nukta ya shaba. Atomu ambazo hazipendani kabisa zilikuwa zimejipanga mstari ulionyooka kuliko wa wanafunzi wetu. Ilunga alikuwa anaandika namba na machozi yanadondokea karatasi, nikamwekea nyingine juu.

Alipopata pumzi alimgeukia Papa Mwansa, akamwambia kwamba sasa hana sababu ya kuondoka. Mikono imeonekana ni mizima, kosa lina mwenyewe, na kazi ndiyo kwanza inaanza. Mimi nikaitikia kwa kichwa, kwa nguvu. Nilitaka sana abaki.

Papa Mwansa alitoa mikono mfukoni, akaitandaza mbele ya mwanga ule wa kijani, akaitazama pande zote mbili. Haikutikisika.

“Nilisema nitaenda juu ya mikono,” akasema. “Kumbe mikono iko muzuri. Sasa nitaenda juu nimechoka. Haiko kintu kimoya.”

Yaani kuondoka kwa sababu ya uchovu si sawa na kuondoka kwa sababu ya mikono. Akaondoka mwisho wa mwezi ule, kama alivyosema, akitembea kwa miguu hadi kwake na kikombe chake kwenye mfuko wa koti. Ilunga akamaliza tasnifu yake. Mimi nikabaki na pensi ile kwa miaka iliyofuata, na ninyi mmeniona nikiitumia. Watu wananiuliza hapa Kikula kwa nini nimestaafu na bado nina nguvu, kama kuna aliyenisema au kitu nilichovunja. Nawajibu kwamba hapana, nimechoka tu. Jibu hilo huwa nalisema taratibu.